Mjane wa Magwagwa na Maswali ya Shangazi Kerubo

Shangazi Kerubo alifika kwetu Birongo likizo ya Agosti, ule mwaka kahawa ilipopanda bei hata majirani wakanunua redio. Alikuwa anasoma ng'ambo, shahada ya uzamili katika haki za binadamu, na profesa wake alikuwa amemwambia wazi: andiko lenye maneno ya mahakimu peke yao halitapita. Alete sauti za wajane wenyewe, la sivyo arudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa amesikia habari za mjane mmoja huko Magwagwa. Baba, ambaye ni kaka yake, akasema haifai aende peke yake kwenye nyumba za watu. Ndivyo nilivyochaguliwa kumsindikiza. Mimi ambaye darasani nikiambiwa nisome kwa sauti, sauti yenyewe inakimbia! Nilikubali kwa sababu nilitaka watu wanione nikitembea naye.

Alhamisi asubuhi tulishuka kwa miguu hadi Keumbu kungoja basi, viatu vikiwa mkononi kwa sababu ya umande. Wanawake wanaouza ndizi kando ya barabara walimtambua.

"Wewe uliyekwenda Ulaya, mume umemwacha wapi?"

"Bado yuko jikoni, mama," shangazi akajibu. "Akiiva nitamleta mumwonje."

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Ningeulizwa mimi swali kama lile, ningelia.

Kutoka Nyamira tulipata nafasi katika lori lililokuwa likienda kubeba majani ya chai. Shangazi alikaa juu ya magunia matupu kama mtu aliye sebuleni, akanieleza masomo yake. "Haki si kitu unachopewa na chifu," alisema. "Umezaliwa nayo, kama vidole vyako. Mtu anaweza kukukata kidole, lakini hawezi kusema hakikuwa chako." Nilikariri maneno hayo njia nzima nisiyasahau.

Magwagwa tulipokewa na Nyaboke, aliyesoma na shangazi shule ya msingi. Wao ni Wasabato: chai wanaichuma, lakini kuinywa hawainywi. Tulipewa uji wa wimbi na ndizi za kuchemsha. Nyaboke akatuonya: Ijumaa jua likitua Sabato imeingia, na hapo hakuna kazi wala mazungumzo ya kazi. Jumapili ilikuwa lazima tuondoke, maana shangazi alikuwa na safari yake ya kurudi ng'ambo. Siku ya kufanya kazi ilikuwa moja tu.

Ijumaa asubuhi mjane alikuja. Jina lake Moraa, mwembamba, mwenye macho yanayocheka. Shangazi alimpa kiti kizuri, akamwuliza kwa Ekegusii safi, lugha yetu, kwa heshima zote, habari za kufiwa na mume wake na habari za shamba.

"Tuko salama, mwanangu."

"Na shemeji zako, mama?"

"Wako salama pia. Mungu anatuweka."

Kila swali, salama. Hatimaye akaaga, akaenda kuvuna wimbi lake. Shangazi alibaki akitazama mlango.

Nyaboke ndiye aliyesema. "Kerubo, umesahau kwenu? Wewe ni rika la watoto wake. Mama atakwambiaje nani alitaka kuingia nyumbani kwake mzee alipokufa?"

Kwetu, mzazi na mtoto wana haya kati yao, ndiyo tunaiita chinsoni, na mtu yeyote wa umri wa mwanao unamwonea haya hiyohiyo. Lakini bibi na mjukuu hawana haya. Hao ni utani mtupu. Shangazi aliyajua hayo tangu utotoni. Ni vitabu vilivyomsahaulisha.

"Basi nani atamwuliza?" alisema.

Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

Adhuhuri nilikuwa shambani kwa Moraa, na kisu kidogo cha kukatia masuke, shangazi akinifuata nyuma.

"Mke mwenzangu!" alinipokea. "Umekuja kunisaidia au kuninyang'anya mzee?"

"Lakini mzee alikufa, magokoro," nikasema kama mjinga, nikimwita bibi kama tunavyoita kwetu.

"Basi umechelewa!" Alicheka, kisha akapaza sauti. "Yule mama yako akae pale kwenye migomba, atupe mgongo. Masikio hayana uso."

Shangazi akakaa, mgongo kwetu. Nami nikakata masuke kadhaa kabla ya kupata sauti. "Magokoro, ni nani alitaka kukurithi?"

"Ndugu ya mzee. Matanga hayajaisha, akaja akatundika koti lake kwenye msumari wa marehemu. Mimi nikalitoa, nikamvisha mbuzi. Mbuzi akaenda nalo mpaka sokoni."

Nilicheka mpaka nikajikata kidole. Yeye akaendelea kuvuna, na sauti ikashuka. Wapimaji wa ardhi walipokuja, waliuliza mwanamume wa boma yuko wapi. Yeye ana mabinti tu. Shamba likaandikwa kwa jina la shemeji. Shemeji alipoleta ng'ombe kulima, Moraa aliketi mbele yao na mtoto mchanga mapajani, mpaka wakageuzwa. "Nimekaa hapa tangu siku hiyo. Lakini nakaa kama ndege juu ya mti wa mtu."

Kisha akaniuliza yeye. "Kwenu kuna wavulana?"

"Hakuna. Tuko wasichana watupu."

Kisu chake kikasimama. "Na baba yako akifa, shamba ni la nani?"

Umri wote huu, sikuwahi kulifikiria swali hilo.

Kabla jua halijatua shangazi alikuja polepole akapiga magoti kwenye mabua. "Mama, niandike? Jina lako nitalificha."

"Ulifiche kwa nini? Koti lilionekana na soko zima. Andika Moraa. Halafu urudi unisomee, nisikie kama nimesema vizuri."

Jumapili tulirudi. Keumbu shangazi alinishika mkono, akanishukuru kama anavyoshukuriwa mtu mzima, akasema sura ya Moraa katika andiko lake ni yangu nusu. Nilimtazama akipanda basi la Nairobi nikaona hakuna mtu ninayetaka kufanana naye zaidi, si kwa sababu ya ng'ambo, bali kwa sababu alikubali kuketi kwenye migomba akatupa mgongo.

Jioni, nyumbani, tulikuwa tunakula. Nilikuwa nimejifunza kwamba swali lina mtu wake wa kuliuliza, na hili lilikuwa langu, chinsoni au hakuna chinsoni.

"Baba, ukifa, shamba hili ni la nani?"

Mama aliangusha mwiko. Baba aliacha kutafuna.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimeuliza mwenyewe."

Alimaliza kilichokuwa mdomoni, akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole. "Kesho dada zako watachuma chai bila wewe," alisema. "Utatembea na mimi, nikuonyeshe mpaka wa shamba."