Kiondo Hakirudi Kitupu

Mama alikuwa na sheria nyingi za nyumba, lakini kuna moja ambayo hakuhitaji kuirudia kwa sababu hakuna aliyewahi kuivunja. Kiondo cha mtu hakirudi kwake kitupu. Mtu akikuletea chakula ndani ya kiondo, unakitoa chakula, unakikung'uta kiondo, na kabla hujakirudisha unatia kitu. Viazi vitamu viwili, au konzi ya maharagwe, au ndizi. Hata kikiwa kidogo, si neno. Kumrudishia mtu kiondo kitupu ni kumwambia asije tena.

Mwaka wa mavuno, sheria hiyo ni rahisi. Mwaka ninaoukumbuka mimi haukuwa wa mavuno. Mvua ilikuwa imetupita, na malipo ya kahawa yalikuwa yamechelewa mpaka watu wakachoka kuyazungumzia. Tuliishi upande wa chini wa Gakindu, mahali ambapo kahawa imepandwa mpaka karibu na mlango, na kahawa hailiwi. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Endarasha, akirudi mwisho wa mwezi na gunia la kabichi au la viazi. Kati ya gunia moja na jingine, Mama ndiye aliyejua tutakula nini.

Na alijua vizuri. Maji yaliyochemshia maharagwe aliyapikia mboga. Ukoko wa ugali tuliula asubuhi na chai, na mimi nilidhani watu wote duniani hunywa chai na ukoko. Githeri yake ilikuwa mahindi kwa mahindi, na maharagwe machache ya kuyasindikiza, hata ndugu zangu watatu wakaigeuza kuwa mchezo. Yule wa kati, aliyekuwa na mdomo kutushinda sote, akipata haragwe aliliinua kwa vidole viwili na kusema kama mtangazaji wa redio, "Habari zilizotufikia hivi punde! Haragwe limeonekana upande wa kushoto wa sahani!" Tulicheka mpaka mahindi yakatupalia. Mama alimwambia alile upesi kabla halijatoroka.

Kisha Mama akajifungua mtoto wa tano, mvulana mwingine. Mimi ndiye wa kwanza na msichana wa pekee, na nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kwa hivyo nyumba ikawa mikononi mwangu. Kupika hakukunitisha. Kilichonitisha ni watu. Nilikuwa mwenye haya kiasi kwamba mgeni akikohoa tu kwenye ua, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaangalie mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Sasa kulikuwa na mtoto mchanga ndani, na mtoto mchanga huita wanawake kutoka kila upande.

Mama aliniita kitandani. "Sasa wewe ndiye mimi," akasema. "Wakija, uwapokee. Wakienda, unajua la kufanya."

"Ndiyo, Mama."

"Usiniaibishe nikiwa nimelala. Mtu aliyelala hawezi kujitetea."

Maneno hayo yaliniingia, nikatembea nayo siku nzima kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa mpaka ukingoni.

Wa kwanza kuja alikuwa bibi kizee wa ng'ambo ya kijito. Hakuwa nyanya yetu wa damu, lakini watoto wote wa upande ule walimwita cucu. Alifika ameinama, mkanda wa kiondo kipajini, na ndani ya kiondo mlikuwa na boga kubwa kama kigoda.

"Haiya, mpokeeni mtu kabla shingo haijakatika!" akaita akiwa bado nje.

Alimtemea mtoto mate ya baraka kifuani, akamsifu Mama, akatukemea sisi wengine bila sababu maalumu, akaenda zake. Kiondo alikiacha. Alisema atakihitaji siku ya soko. Boga nililiweka chini ya meza, nikawaambia ndugu zangu kwamba tutalila Jumapili, kwa kuwa boga halina haraka. Kila walipopita walilipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Siku ya pili alikuja mke wa mwalimu. Mwalimu alikuwa ametoka upande wa ziwa, na walikaa katika nyumba za shule, juu ya kilima. Yeye hakujua Kikuyu, kwa hivyo tulizungumza Kiswahili, chake kikitiririka na changu kikitoka kitabuni, neno moja baada ya jingine. Alileta sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na unga wa mahindi, na juu ya unga karatasi iliyofungwa. Akaifungua. Vilikuwa visamaki vikavu, vidogo kuliko kidole changu cha mwisho.

"Hii ni omena," akasema. "Mama akinywa mchuzi wake, maziwa yatajaa."

Ndugu zangu waliinama wakatazama. Sisi hatukuwa walaji wa samaki.

"Zina macho," akasema yule wa kati.

"Kila kitu kina macho," mke wa mwalimu akamjibu. "Hata viazi."

Mama alikunywa mchuzi ule kwa adabu, akameza kama dawa. Jioni akaniuliza kama kuna mwingine.

Sasa nilikuwa na vyombo viwili vya watu, kiondo na sufuria, na vyote vilikuwa vya kurudishwa. Nilizunguka jikoni. Mahindi yetu yalikuwa ya siku mbili. Kulikuwa na chumvi, na vitunguu vitatu, na nusu ya ule unga wa mke wa mwalimu, maana nusu nyingine tulikuwa tumekwisha kuila. Nilisimama katikati ya jiko nimeshika sufuria ya mwenyewe, nikaona aibu ya Mama inakuja kama mvua inavyoonekana ikishuka mlimani.

Ndipo nikaliona boga.

Liliingia kwenye sufuria nusu tu, sehemu iliyobaki ikakaa juu kama kichwa cha mtu aliyevaa kola kubwa. Ndugu yangu wa kati alisimama mlangoni.

"Ati boga letu linaenda wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Limeitwa shuleni?"

"Nyamaza, Mama asisikie."

"Na Jumapili tutakula nini?"

"Jumapili haijafika," nikasema, kwa sauti ya Mama kabisa, mpaka nikajishangaa.

Nilipanda kilima nikilikariri neno langu moja, "Mama anasema asante." Nikalisema, nikaweka sufuria kizingitini, nikageuka kabla hajamaliza kunikaribisha. Nyumbani nikautia ule unga uliobaki katika kiondo cha cucu. Nilifurahi sana. Kila chombo kilikuwa na kitu, na nani angejua? Nyumba ya cucu iko ng'ambo ya kijito, ya mwalimu iko juu ya kilima, na wale wawili hawakuwa hata na lugha moja ya kusengenyana.

Asubuhi ya siku ya soko nilikipeleka kiondo. Cucu alikuwa amesimama uani, amejifunga leso yake ya safari. Kando ya mlango wake, juu ya kigoda, palikuwa na boga letu.

"Karibu," akasema. "Pita. Lakini usimkalie mgeni wangu."

Nikasimama pale pale.

"Mnajuana?" akaniuliza, akilionyesha boga kwa kidevu.

Nikatikisa kichwa.

"Ajabu. Yeye anasema alilala kwenu."

Aliligeuza. Upande wa nyuma lilikuwa na makovu marefu, yale ambayo mimi nilidhani ni kucha za kuku. "Soma. Wewe si umesoma? Hilo ni jina la mjukuu wangu. Alilikwaruza kwa msumari boga likiwa dogo kama ngumi. Boga likakua, na jina nalo likakua. Nilimchapa siku ile. Kumbe nilimwonea, maana bila yeye ningedhani Mungu ameniletea boga la pili."

Sikuweza kumtazama usoni.

"Bibi ya mwalimu huchukua maziwa kwangu," akaendelea. "Jana amerudisha chupa, na boga juu yake. Kwao pia, kumbe, chupa hairudi tupu."

Nilijua kwamba kutoka pale cucu anakwenda sokoni Gakindu, na kwamba saa sita haitafika kabla wauza ndizi na wauza maharagwe hawajajua kwamba nyumbani kwetu zawadi ya mtu hugeuzwa zawadi ya mwingine. Na Mama alikuwa amelala. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Cucu, Mama hajui. Ni mimi. Nyumbani hakukuwa na kitu cha kutia katika sufuria ya watu. Hata huo unga ulio katika kiondo chako si wetu, ni wa bibi ya mwalimu. Ukitaka kusema sokoni, sema ni mimi. Tafadhali usimtaje Mama."

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu mzima maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Masikio yalikuwa yananichoma.

Cucu alitia mkono katika kiondo, akatoa unga kidogo, akaunusa, akauweka kwenye ncha ya ulimi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Mahindi haya ni yangu," akasema. "Nilimpa mwenyewe, huyo bibi ya mwalimu, akayapeleka kwenye mashine ya kusaga!" Alicheka mpaka akaishia kulikalia boga lenyewe. "Mahindi nimempa yeye, yeye amewapa nyinyi, nyinyi mmenipa mimi. Boga nimewapa nyinyi, nyinyi mmempa yeye, yeye amenipa mimi. Nyumba tatu za wakarimu, na boga hakuna aliyelila!"

Kicheko changu kilianzia puani, nikakizuia, kikanishinda.

Cucu alifuta macho kwa ncha ya leso. "Sasa nifanyeje? Nikilirudisha kwenu, mama yako atahangaika akitafuta cha kunirudishia. Nikilikata hapa peke yangu, nitavimbiwa. Leo siendi soko. Kamwite bibi ya mwalimu, tukutane kwenu. Mwambie aje mikono mitupu. Akileta kitu, nitamfukuza."

Kwa mara ya kwanza maishani nilibisha mlango wa mtu na nikangoja ufunguliwe.

"Mikono mitupu?" mke wa mwalimu akashangaa. "Kwetu hayo ni matusi."

"Hata kwetu," nikasema. "Lakini ni cucu amesema."

Cucu alilipasua boga uani kwa panga, na harufu yake ikawaleta ndugu zangu kutoka walikokuwa. Nusu tuliichemsha vipande, nusu tukaiponda pamoja na mahindi na majani ya boga. Unga ule ukawa ugali, na mke wa mwalimu akazikaanga omena zilizobaki kwa vitunguu vyetu vyote vitatu. Cucu aliikodolea macho sahani. Kiswahili chake alikipata sokoni, na alikitumia bila kukihurumia.

"Hii samaki inaniangaria."

"Usiiangalie na wewe, cucu," mke wa mwalimu akasema.

"Sisi hatukuri samaki. Mzee yangu angenifukuza."

"Mzee yuko wapi?"

"Arikufa zamani."

"Basi kula."

Cucu alifumba macho, akala mmoja. "Nimeonja tu," akasema, na akaendelea kuonja mpaka sahani ikabaki tupu.

"Nani anacheka hivyo nyumbani kwangu bila mimi?" Mama akaita. Akatoka akishika ukuta, mtoto kifuani, akaketi karibu na moto. Cucu akamsimulia yote, tangu boga mpaka unga, bila kuacha hata kidogo. Mimi niliwapa mgongo nikikoroga sufuria, nikiwafikiria sana mbuzi.

"Alisema hayo yote?" Mama akauliza. "Huyu?"

"Huyu."

"Kwa kinywa chake?"

"Ungetaka kwa kinywa cha nani? Na alisema nimtaje yeye sokoni, si wewe."

Niligeuka nikamwona Mama ameinamisha uso juu ya kichwa cha mtoto, na nikaogopa, kisha nikaona anacheka, ameshika tumbo kwa mkono mmoja kwa sababu lilikuwa bado linamuuma.

"Cucu, mtanisamehe," akasema. "Nyumba haina kitu."

"Yangu ina nini?" cucu akamjibu. "Kula, maziwa ya mtoto hayatoki kwenye aibu."

Mama alikula, akalisogeza bakuli upande wangu. "Niongezee," akasema. "Kisha uache hiyo sufuria, uje ukae hapa na wenzako."

Wakasogea, nikakaa kati ya cucu na mke wa mwalimu. Boga lilikuwa tamu na la moto mno, lakini nililila upesi hivyo hivyo, kwa sababu ndugu zangu walikuwa wamekwisha kuanza kukwangua sufuria.