Njia ya Punda Kwenda kwa Shangazi

Baba alikuwa Mwarabu peke yake Ibra nzima, huku Omani, aliyepanda baiskeli kwa kupenda. Wengine waliokuwa nazo ni vibarua wa Kibangali, na wao walizipanda kwa kukosa namna. Yeye mshahara alikuwa nao, leseni alikuwa nayo, na gari lake lilikuwa limelala chini ya mkunazi likila vumbi. Kila Ijumaa, akishamaliza chai yake ya asubuhi, anaikunja kanzu mpaka magotini, anaifunga kiunoni kwa kipande cha kamba, halafu huyoo, anakwenda kumwamkia dada yake.

Mama yangu, mtoto wa mjini Unguja, jambo hili hakulizoea hata siku moja.

"Mume wangu wee, utu uzima wote huo, miguu nje! Watu watasema gari limetushinda."

"Waache waseme. Wana kazi gani nyingine?"

"Haya, huko kwenu Tabora ndivyo mlivyokuwa mkienda posa?"

"Ndivyo. Na mtu mwenye baiskeli hakunyimwa mke," anamjibu, na Mama anacheka hata kama alikuwa amekusudia kununa.

Shangazi alikuwa ameolewa kijiji cha juu bondeni. Barabara ya lami ya kwenda huko inakata mara kadhaa wadi, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha milimani, lakini Baba hakuipenda. Alipita njia ya zamani, ile waliyopitia watu na punda wao kabla lami haijajulikana. Inaanzia nyuma ya nyumba za udongo zilizobomoka, inaingia mashambani, halafu inafuata falaji, yaani ule mfereji wa kunyweshea mitende, ukuta wa udongo huku na ukuta wa udongo huku. Upana wake ni wa punda aliyebeba mizigo pande zote mbili. Gari haliingii, hata ukilisukuma kwa matusi.

Nilifuatana naye mara nyingi kabla sijanunua gari langu na kujiona bwana mkubwa. Nikikumbuka njia ile mpaka leo roho inaniuma. Kivuli chote ni cha mitende na miembe, maji yanakwenda ubavuni mwako, na harufu ya ndimu inakufuata. Pahala falaji inapogawanyika unashuka, unaibeba baiskeli begani, unavuka, unapanda tena. Na mtu humpiti hivi hivi. Kila unayemkuta unasimama, unampa mkono, unauliza habari, unakaribishwa kahawa. Njia ambayo kwa gari ni ya dakika chache ilimchukua Baba asubuhi nzima, na yeye alitaka hivyo hivyo.

Huyo dada yake ndiye aliyemlea. Mama yao alikufa Tabora Baba akiwa hajui kusimama, na yule msichana akambeba mgongoni mpaka alipotembea. Alipokuwa na mvi kichwa kizima bado alimwita Baba kwa jina la utotoni, na hakukuwa amebaki mwingine duniani anayelijua. Wakikaa wawili kwenye mkeka wake walisema Kinyamwezi, sisi tumekodoa macho tu, na walicheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za nguo. Tukiuliza mnacheka nini, Shangazi anasema, "Ya wakubwa hayo." Bondeni kwetu Kinyamwezi cha Baba kilikuwa na mtu mmoja tu wa kukiitika.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, Shangazi akaugua. Ijumaa moja Baba alimkuta hali chochote. Akamuuliza roho yake inataka nini, akasema kisamvu. Baba alikuwa na kipande chake cha shamba nusu ya njia, na katika mihogo aliyoipanda humo kwa ukaidi, huku watu wakimwona hana akili, akaahidi kumletea Ijumaa ijayo.

Haikufika Ijumaa. Mvua ilinyesha milimani usiku kucha, na alfajiri simu ya nyumbani ikalia. Alikuwa mume wa Shangazi. "Anamtaja ndugu yake. Mwambie aje sasa hivi." Nikasema tunakuja, na kabla sijamaliza simu ikakatika, isilie tena siku ile.

Nikaruka na gari langu mpaka kwenye kivuko cha kwanza. Lahaula! Wadi ilikuwa imeshuka, maji ya matope yanapita na magogo ya mitende na jokofu la mtu. Watu wamesimama ukingoni, wamekunja mikono. Nikarudi nyumbani mbio kumwambia Baba njia hakuna, nikamkuta uani anajaza upepo.

"Njia ya punda haivuki wadi," alisema, wala hakuniangalia. "Tafuta baiskeli."

Nikaazima kwa fundi cherehani wa jirani yetu. Mimi, karani mwenye tai, na kanzu yangu nimeifunga kiunoni vile vile! Siku ile sikuona haya kabisa. Nilichotaka ni Baba amkute dada yake na uhai, amsikie akimwita lile jina mara moja tena.

Baba alikwenda kama kijana. Hakusimama kwa mtu. Walionyanyua mkono aliwarudishia salamu akiwa juu ya baiskeli, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Mimi nikabaki nyuma, mnyororo unachomoka kila tukipita kwenye mawe, na mikono yangu imejaa grisi. Mara ya mwisho ulipochomoka nikamwona kwa mbali amesimamishwa na mzee mmoja mwenye shamba, rafiki yake wa miaka mingi, mtu wa bonde hilo tangu babu zake. Mzee amekamata usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaonyesha mkeka na dele la kahawa. Baba anatikisa kichwa. Mzee anasema tena, Baba anatikisa tena. Nilipomaliza kuurudisha mnyororo na kufika, mzee alikuwa amekwisha kuingia shambani kwake, na Baba ananisubiri uso umemnawiri.

"Kheri," aliniambia. "Nimemuuliza habari za juu, amesema kheri, kheri tupu. Mjukuu wake ameshuka kutoka huko asubuhi hii hii. Alhamdulillahi, mwanangu. Tupumue."

Tukapumua. Laiti tusingepumua! Baba akaanza kupiga hadithi za Tabora, jinsi Shangazi alivyompiga kwa kuiba karanga. Tulipofika kwenye shamba lake akasema dada hawezi kuendewa mikono mitupu na ameahidiwa kisamvu. Akachuma majani machanga moja moja, akayaosha kwenye falaji, akayafunga katika kilemba chake na kuyaweka kwenye kalia ya nyuma ya baiskeli. Adhuhuri ikatukuta hapo, tukasali kwenye msikiti mdogo wa wenye mashamba, na akarefusha dua.

Tulipoingia kijijini wanaume walikuwa wanarudi kwa kundi, na mikono yao ina udongo. Mume wa Shangazi akatoka katikati yao akamkumbatia Baba na baiskeli yake.

"Tumekungoja mpaka adhuhuri," alisema analia. "Simu hakuna, njia hakuna. Tukasema huwezi kufika. Amekwenda alfajiri, tulipoachana na nyinyi kwenye simu."

"Mbona nimeambiwa kheri?" Baba aliuliza. Aliuliza taratibu, kama mtoto, na akaendelea kumwuliza kila aliyekuja kumpa mkono.

Baada ya alasiri yule mzee naye akafika kwa miguu kuhani. Akakaa karibu na Baba, akapokea kikombe cha kahawa asikinywe.

"Ulikataa kukaa, ndugu yangu," alisema. "Habari nilikuwa nayo mdomoni. Mtu aliyesimama haambiwi msiba. Anaambiwa kheri, anakaa, anakunywa, ndipo anaambiwa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Nikasema basi, anakwenda huko huko, watamwambia watu wake, wamkalishe vizuri."

Nilitaka kumrukia, wallahi. Lakini angefanyaje? Ndiyo adabu ya hapa, na mimi niliyekulia hapa naijua, ningelikuwepo ningemlazimisha Baba akae. Baba aliikuta ukubwani.

"Kwetu mtu husema njema," Baba alimjibu, "halafu kama lipo jambo, husema ila, hapo hapo mlangoni. Mimi nimeingoja hiyo ila, haikuja. Nikaona kweli kheri."

Mzee akaanza kulia, na Baba ndiye aliyembembeleza. Tangu hapo, kwa miaka yote aliyobaki nayo, hakumpita mtu kwenye njia ile bila ya kushuka, kukaa chini na kunywa mpaka kikombe cha mwisho, ndipo aulize habari.

Tulilala kule, maana hakuna aliyekuwa na nguvu za kurudi. Kile kisamvu wakwe wa Shangazi hawakujua kukipika, kikanyauka ndani ya kilemba. Asubuhi tulipokuwa tunarudi tukapita makaburini. Baba akaniachia baiskeli yake nimshikie, akaenda peke yake mpaka kwenye udongo mbichi, akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo, dada." Halafu akasema maneno mengine marefu kwa Kinyamwezi, akanyamaza, ameinamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akimsikiliza kwenye mkeka.

Alisimama hivyo muda mrefu. Nilitaka nimwitikie mimi, asisimame vile bila ya jibu, lakini lugha yenyewe siijui.