Ngazi Kwenye Njia ya Mama

Wateja walimwita Bi Chokaa, na jina likamkaa. Msanifu huyu wa nyumba na maduka hakuiamini karatasi hata siku moja. Kabla fundi hajachimba msingi, alimwaga chokaa kiwanjani kuchora kuta na milango kwa ukubwa wake halisi, kisha akawalazimisha wenye nyumba waishi humo asubuhi nzima: walale, wapike, wapokee wageni. Bwana mmoja mjuaji aliketi kwenye sebule yake ya chokaa akajikuta anatazamana na choo. Alinywea, na ramani ikabadilishwa.

Kisha ikafika siku ya kiwanja cha familia yake mwenyewe. Kaka yake mkubwa alikuwa anajenga duka la vitambaa mbele na nyumba nyuma yake. Mama yao, aliyelianzisha duka hilo, angeendelea kukaa kaunta. Ila kaka hakujua kwamba mama haoni. Macho yalimwishia polepole. Vitambaa aliviuza kwa vidole, na rangi aliwaachia wateja wachague wenyewe. Bintiye, huyo msanifu, alipogundua, mama alimwapisha asiseme.

"Ukimwambia kaka yako, atanifungia chumbani kama mgonjwa. Huko nitakufa kwa upweke, mwanangu."

Basi binti akaificha siri ndani ya ramani. Kutoka kitandani kwa mama hadi kaunta alichora ujia ulionyooka, usio na kizingiti, ukuta ukiwa mkono wa kulia mwanzo hadi mwisho. Hata kona za kaunta alizifanya za mviringo.

"Hapa katikati tunaweka ngazi," kaka alisema siku hiyo kiwanjani, akiukanyaga ujia wa chokaa kwa kisigino. "Nikija kutaka ghorofa, nisianze kubomoa."

"Ngazi ziende uani, kaka."

"Uani kuna mvua. Hapa zina ubaya gani?"

"Zitabana."

"Zitambana nani? Mama mwenyewe mwembamba kama sindano!"

Fundi, aliyekuwa ameegemea sururu yake, akacheka. Kaka akachukua chokaa na kuzichora ngazi zake mwenyewe, zikaukata ujia kwa mshazari. "Si ndiyo kanuni yako, watu wapite kwanza? Mama apite. Zikimbana, naziondoa."

Msanifu alijiona mjinga. Miaka yote alijivunia chokaa yake, na leo hii, kwa mama yake mzazi, alisahau kwamba ukuta wa chokaa haushikiki.

"Ngoja nimshike mkono," alisema haraka.

"Mwache. Kwani hana miguu?"

Mama aliinuka kutoka kwenye kiti kilichowekwa mahali pa kitanda. Alinyoosha mkono wa kulia kuutafuta ukuta, ukaangukia hewani. Akasita, akajikaza, akaenda. Akapita katikati ya ukuta, akazikanyaga ngazi, akatokea nje kabisa ya duka. Akasimama pale, akitabasamu kuelekea rundo la mchanga.

"Panatosha," alisema. "Ngazi hazinibani hata kidogo."

"Mama kapita ukutani!" fundi alidakia kwa kicheko. Alikuwa anacheka peke yake.

Kaka alisogea mbele ya mama, akapunga kiganja karibu na uso wake. Mama aliendelea kuutabasamia mchanga. Msanifu alitamani ardhi immeze.

"Tangu lini, mama?" kaka aliuliza.

Tabasamu lilimtoka mama. "Kila asubuhi tunafungua duka pamoja, mimi na wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenye macho, mwanangu. Niambie wewe."

Kaka alichuchumaa kwenye ujia, akaanza kufuta ngazi kwa viganja, chokaa na udongo vikimjaa kwenye kucha.

"Chimba kama mdogo wangu alivyochora," alimwambia fundi bila kuinua kichwa.

Fundi alimletea fagio. Hakulipokea.