Nilimpa mganga wa kwenye gemu jina la mke wangu, akafa saa ya pili

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, jana, hapa Sumbawanga. Chumvi sijaweka.

Mimi ni mtu wa Mbeya, huku nipo kikazi. Mke wangu anauza vitenge, Jumamosi anashuka gulioni Muze, kule bondeni.

Jana alipoondoka nikafungua gemu mpya, zile za falme, mapanga na uchawi.

Mwanzo wake ni mtamu. Nchi ya ukungu na nyasi ndefu, ungesema Ufipa wakati wa masika. Ila mapigano ni magumu, ukibonyeza ovyo umekwisha.

Unapewa mwenzi wa safari, mganga wa kike, unamchagulia jina. Nikaandika Neema, jina la mke wangu. Mapenzi tu wakuu.

Sikujua kwamba humo mwenzi akifa harudi, na gemu inajisevu yenyewe.

Saa ya pili ya kucheza, kwenye daraja, likatoka dude, likambana Neema. Mimi nimebakiza uhai kidogo, nikakimbia. Nikamsikia anaita. Nikaendelea kukimbia.

Akafa.

Nikacheka, nikampigia mke wangu nimsimulie. Hapatikani.

Nje mvua inamwagika. Wanaoujua mteremko wa Muze wananielewa, ikinyesha ni utelezi mtupu. Nikapiga tena, na tena. Hapatikani.

Mimi siamini ishara, lakini jina lile lilikuwa lake. Na badala ya kutoka, nikarudi kwenye gemu kutafuta namna ya kumfufua. Saa nzima.

Mama mwenye nyumba, Mfipa wa hapahapa, akachungulia. Nikamwamkia, akaona uso wangu haupo sawa. Nikamwambia habari za simu tu, za gemu nikameza.

"Sasa mwanangu, humu ndani unangoja nini? Nenda stendi kaulize."

Stendi nikamkuta dereva aliyetoka Muze. Akasema kuna gari limeserereka kwenye tope mlimani, abiria wanapanda kwa miguu.

"Wazima?"

"Sikusimama, kaka."

Nikapanda bodaboda. Nikamwambia kijana anipeleke mlimani.

Nilimkuta mke wangu karibu na kilele, peku, furushi kichwani, tope mpaka magotini. Simu imeingia maji. Akaniuliza, "Umejuaje nipo huku?" Nikampokea furushi.

Nyumbani nikamsimulia ya darajani, nikidhani atacheka. Akauliza:

"Na nilikuwa nakuita?"

"Ndiyo."

"Ukaendelea kukimbia."

Akaenda kuosha miguu.

Gemu ni nzuri, sitawadanganya, ila leo sijaigusa. Nilichojifunza: mtu wako asipopatikana, inuka kwanza, hofu utaibeba njiani.

Kilichobaki ni kile cha kukaa saa nzima namfufua wa kwenye kioo huku yeye anapanda mlima kwenye mvua. Hicho bado sijamwambia. Wenye ndoa humu, mngekuwa mimi mngesema?