Nilivyoliliwa Rhotia

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Karatu hadi Arusha kwenda kutazama igizo la nyimbo, jambo ambalo majirani zangu wanaliona ni la mtu asiye na shamba. Lilikuwa onyesho la mchana. Nilikaa zaidi ya saa mbili kwenye kiti cha plastiki nikiwatazama watu wazima wakiimba mambo ambayo wangeweza kuyasema tu yakaisha. Mwishoni binti aliyebeba hadithi yote alikufa, kwa wimbo mrefu kuliko pumzi ya mtu anayekufa, na taa zikazimwa. Zilipowashwa tena akatoka nyuma ya pazia, mzima, jasho linamtoka, akatuinamia. Nikashusha pumzi kwa nguvu hadi mzee aliyekaa mbele yangu akageuka na kuniuliza kama najisikia vibaya.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa na nafuu tu, na nafuu hiyo ina historia yake. Ukae nikusimulie, maana wewe hunichoki.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtazamaji mgumu. Vipaza sauti vya kubandika shavuni sivipendi, kwa sababu vinakula pumzi ya mwimbaji, na pumzi ndiyo inayoniambia kama anamaanisha. Moshi wa mashine siupendi. Sisi wa huku tuna ukungu wa bure kila asubuhi. Zile ngoma wanazowachezea wageni kwenye mahoteli yetu ya Karatu, dakika ishirini kati ya supu na nyama, huwa zinanitia aibu, ingawa wachezaji ni hodari na wengine nawafahamu. Ninachopenda ni pale mtu anapokuwa na neno zito hata mdomo unashindwa, halafu anaanza kuimba. Mwigizaji akiimba kabla hajashindwa kusema, mimi naanza kutazama saa. Lakini kosa nisilolisamehe kabisa ni onyesho linaloua mtu na kuturudisha nyumbani bila kutuonyesha kwamba ameamka. Hilo nilifanyiwa mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi.

Nililelewa na bibi karibu na Rhotia. Tulimwita ama, ndivyo Wairaqw wanavyomwita bibi. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Baba alikuwa fundi mwashi, na baada ya msiba alipata kazi ya kujenga madarasa Samunge, kule milima ya Loliondo, mbele kabisa ya Ngorongoro. Aliondoka na mwiko wake wa kujengea na begi moja, akasema ni miezi mitatu. Tulivuna mahindi mara ya kwanza hayupo, tukavuna ya pili, tukavuna ya tatu. Salamu zilikuja kwa madereva wa malori, yeye hakuja. Watu walisema nimefanana mno na mama, na mimi kwa akili yangu ya kitoto nikaamua kwamba hilo ndilo lililomfukuza. Nilikuwa nikijitazama kwenye ndoo ya maji nikijaribu kukunja uso ufanane na wa mtu mwingine.

Basi mwalimu wa kwaya akatunga igizo la sikukuu ya mavuno. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake, na aliamini kwamba chochote kinachofaa kusemwa kinafaa zaidi kikiimbwa kwa sauti nne. Igizo lake lilihusu wazazi wanaochelewa kumpeleka mtoto zahanati hadi anafariki. Alihitaji mtoto wa kufa. Wenzangu wote walikataa, wengine kwa kuogopa, wengine kwa kukatazwa na wazazi wao. Mimi nilikubali kwa sababu moja tu: mwalimu alikuwa amesema igizo hili litavuma hadi mbali. Nilihesabu kwamba likivuma vya kutosha litafika Samunge, baba atasikia binti yake ameigiza, na atataka kuja kuona. Sikumwambia mtu. Kwa ama nilisema tu kwamba nimepewa nafasi ya kulala, na hilo halikuwa uongo.

Mama wa mtoto aliigizwa na jirani yetu, mwanamke wa Singida aliyekuwa akichuma kahawa kwenye shamba kubwa. Alikuwa mcheshi, mtu wa kucheka hadi anashika mbavu, na katika mazoezi kilio chake kilikuwa cha mchezo mtupu. Mwalimu alimsihi alie kidogo zaidi. Yeye akamjibu, "Mwalimu, kilio changu nakitunza. Siku yenyewe utakiona."

Siku yenyewe tukakiona. Ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Watu wa Endabash walikuja na lori lililopakia magunia upande mmoja na abiria upande mwingine. Ukumbi ulinukia maharage mapya, maboga, makoti yaliyonyeshewa na maziwa mgando ya kwenye vibuyu vilivyoletwa kwa sadaka. Nikalala kwenye mkeka, nikafunikwa shuka, nikabana pumzi kama nilivyofundishwa. Ndipo jirani yetu akaanza. Alianza kwa Kiswahili cha mwalimu, sauti ya kwanza, vizuri, kisha akauacha ule wimbo njiani akaingia kwenye lugha ya kwao, maneno nisiyoyajua, na sauti ikamkatika katikati. Chini ya shuka nywele zilinisimama. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba aliwahi kumzika mtoto wake mwenyewe huko Singida.

Ukumbi mzima ukalia. Sio kulia kwa kuguswa, wakifuta jicho kwa ncha ya kitenge. Walilia msiba. Wanaume wanne wakaninyanyua na mkeka wangu, kwaya ikaimba wimbo wa maziko, nikatolewa kwa mlango wa nyuma, na hapo ndipo igizo la mwalimu lilipoishia. Hakujua kwamba maiti inapaswa kurudishwa iiname. Hakuna aliyetufundisha hilo. Nilikalishwa nyuma ya jiko la parokia nikapewa kiazi kitamu cha moto, nikala kwa furaha nikisikia watu wanavyolia kwa ajili yangu. Lori la Endabash lilikuwa na haraka kwa sababu ya mvua, likaondoka na watu wake wakiwa bado wanapenga kamasi.

Ama hakupiga makofi. Alinishika mkono njia nzima, na tulipofika nyumbani akaniosha mwili mzima kwa maji ya baridi. Sasa kwetu, nyumba ikifiwa hujitenga. Ng'ombe wake hawachungwi na wa wengine, watu wake hawachoti maji pamoja na wengine wala hawali kwa jirani, mpaka siku zitimie na wazee waombe. Ama alikuwa Mkristo wa kutokosa Jumapili, lakini alikuwa pia binti wa baba yake. Kesho yake asubuhi akaburuta tawi la miiba akafunga mlango wa ua.

"Ama, lakini sijafa," nikamwambia.

"Najua hujafa, ninakuona unakula," akasema. "Lakini machozi yamemwagika ya kweli. Mimi siwezi kuyaacha hivi hivi. Tutakaa."

Tukakaa. Ng'ombe wetu watatu wakafungwa peke yao nyuma ya nyumba. Maji tulichota jua likiwa kali, wengine wameshaondoka kisimani. Shuleni sikwenda, na sitakudanganya kwamba nilisikitika. Jirani yetu alikuja kusimama nje ya ua wa minyaa, akaita, "Mama, nisamehe, nilizidisha." Ama akamjibu akiwa ndani, "Ulilia vizuri mno, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe."

Majirani wa karibu walijua mambo yalivyo na walicheka chinichini. Lakini watu wa Endabash walikuwa wameondoka na kilio masikioni, bila kuona mtoto akila kiazi. Wengi wao walijua ni igizo. Wachache, walioingia wamechelewa na kusimama madirishani, hawakuwa na hakika. Mmoja wao, wa ukoo wa baba, akaona ni vyema aje kuhakikisha kabla hajasema kitu. Alikuwa mtu mwangalifu, masikini. Akafika hadi kwetu, akakuta mlango una miiba, ng'ombe wametengwa, hakuna jirani anayeingia wala sauti ya mtoto. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nimelala usingizi wa mchana. Kwa adabu ya kwetu, nyumba ya namna hiyo huiingii wala huipigii hodi. Akageuka na taarifa iliyokamilika, na dereva wa lori la mahindi lililokuwa likipanda Ngorongoro kwenda Loliondo akapewa ujumbe: mwambieni fundi mwashi kwamba binti yake hatunaye tena.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ya kumi na mbili, mchana, ama na mimi tulikuwa uani tunapepeta maharage. Upepo ulikuwa mzuri, maganda yanaruka upande wa zizi. Nikasikia miiba inasogezwa. Mwanaume mwembamba akaingia, nguo zimejaa vumbi jeupe la mbugani, kichwa kimenyolewa kipara kama tunyoavyo tukifiwa. Sikumjua. Nilimjua alipoangalia chini, maana alikuwa na tabia ya kuangalia chini kabla ya kusalimia.

Naye akaniona. Nilikuwa nimesimama na ungo, nimefanana na mama yangu kuliko wakati wowote, na nikasahau kukunja uso.

Ama akasema, "Sogea. Hajafa."

Baba hakusogea. Alikaa pale pale alipokuwa, juu ya maganda ya maharage, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, akaanza kuhema. Alihema kwa muda mrefu hadi mbuzi wakaja kumnusa. Mimi nilibaki na ungo wangu, nikiogopa kwamba nikisogea ataondoka tena. Kisha akaninyooshea mkono, akanishika kifundo cha mguu, akakibana, na hakukiachia hata ama alipomletea maziwa. Aliyanywa kwa mkono mmoja.

"Sasa aliyekufa ni nani?" akauliza hatimaye.

"Hakuna," ama akasema. "Walikuwa wanaigiza. Wanaimba halafu mtu anakufa."

Baba akafikiri sana juu ya hilo. "Mimi nimetembea siku mbili ndipo nikapata lori," akasema. "Nataka kuliona hilo igizo."

Akaonyeshwa. Siku za kujitenga zilipokwisha na wazee wakaomba, mwalimu wa kwaya alileta waimbaji wake hadi uani kwetu, akiwa amenywea kwa hofu, akidhani ameitwa kushitakiwa. Baba aliwekewa kigoda katikati. Kwaya ikaimba, wazazi wa uongo wakabishana kuhusu zahanati, mkeka ukatandikwa. Nilipoanza kupiga magoti ili nilale, baba akainuka kwenye kigoda.

"Hapo panatosha," akasema. "Nimeelewa."

Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba funzo lenyewe liko mbele, kwamba sauti ya nne bado haijaingia. Baba akamwambia sauti ya nne iimbe, ila mtoto asimame. Basi nikasimama. Wakaimba wimbo wa maziko wote, na mimi niko katikati yao kwa miguu yangu, na jirani yetu wa Singida, badala ya kulia, akaanza kucheka, akashika mbavu, akamwambukiza ama. Nimetazama maonyesho mengi tangu siku ile, mengine kwenye kumbi zenye viti vya kukunja na pazia jekundu. Sijaona lililonipa raha kama lile ambalo halikumalizika.

Baba alisema anasubiri nywele ziote ndipo arudi kumalizia ukuta wake. Nywele zikaota. Akasema asubiri palizi. Palizi ikapita. Mwiko wake aliagiza ukaletwa na dereva yule yule wa lori, akaanza kujenga choo cha ama, kisha nyumba ya jirani, kisha nusu ya Rhotia. Siku moja nilimuuliza kama aliondoka kwa sababu ya uso wangu. Akaangalia chini, akasema ndiyo, na kwamba alikuwa mjinga, na kwamba kule Samunge uso huo huo ndio uliokuwa ukimwamsha asubuhi. Nililia siku hiyo, na kilio hicho kilikuwa mzigo unaotua.

Ukumbi ule umebomolewa, pamejengwa mkubwa zaidi wenye bati la rangi. Mwalimu alihamishwa, jirani yetu alirudi kwao Singida na kicheko chake cha kushika mbavu, ama amelala karibu na mama. Ua wa minyaa sasa ni ukuta wa matofali, kazi ya baba. Watu wanaigiza vizuri zaidi siku hizi, nakiri, na hakuna anayekwenda nyumbani na msiba wa uongo, kwa sababu kila mtu ana simu. Juzi niliwaza: mambo yale yangetokea leo, mtu wa Endabash angempigia baba palepale, na baba angempigia ama. Ama angemwambia, "Ni igizo tu, mtoto yupo hapa anakula." Baba angeshusha pumzi, angemshukuru Mungu, angeirudisha simu mfukoni. Kisha angeendelea na ukuta wake, Samunge.