Kichuguu Kilichosomwa Redioni

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko yote. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Mume yuko Kibondo anauza maharage, anarudi akipenda. Hapa Nyakitonto naishi na mama mkwe ambaye akikohoa tu najua maji hayajachotwa. Kidato cha nne nilimaliza. Cheti kiko sandukuni, chini ya khanga.

Kuandika nilianzia porini. Mvua za kwanza zikinyesha, mama mkwe alikuwa ananichukua kwenda kuokota uyoga kwenye kichuguu chake. Chake kweli: alionyeshwa na mama mkwe wake alipoolewa, naye akanionyesha mimi. Binti yake wa kumzaa hakumwonyesha, maana binti huolewa akaondoka na siri. Huko hakuna aliyeniita. Mtoto amelala mgongoni, mama mkwe yuko mbele hasemi, miguu inalowa umande, na maneno yanakuja yenyewe. Hayo ndiyo yalikuwa mapumziko yangu, sina mengine.

Nikayaandika maharage yakiwa jikoni, nikatuma redioni, kwenye kipindi cha Jumapili cha wanawake. Sikutaja kijiji wala mtu. Nilieleza tu mninga uliopigwa radi ukachipua upande mmoja, kichuguu kilichoinama kama mama anayenyonyesha, na kijito kinachopinda pale kikanyamaza. Mtangazaji alisema ameguswa. Nililia kidogo, moshi ukasingiziwa.

Lakini watangazaji hawaokoti uyoga. Wanawake wa huku wanaokota. Walisikia mninga na kijito, wakapajua.

Mvua ilipokuja tulikuta majani yamekanyagwa, hata uyoga mchanga usiofungua mwavuli umeng'olewa. Njiani tukakutana na jirani anashuka na kapu limejaa. Akalitua, akainama, akapiga makofi ya salamu kama tunavyofanya Waha, taratibu, hana haraka. Akauliza watoto, akauliza mume wangu, akauliza mbuzi. Mama mkwe naye akapinda magoti, akajibu kila kitu kwa makofi, mbuzi wazima, mume mzima, huku uyoga wake unamtazama kutoka kwenye kapu la mwenzie. Nilitamani kulipiga teke lile kapu. Heshima yetu inachosha kuliko jembe.

Wifi yangu alikuja jioni kucheka. Akanishauri niandike na kuku wetu wanakotagia, majirani wasihangaike kutafuta. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anamenya muhogo, akasema bila kuinua macho:

"Mimi niliolewa na mwanaume. Wewe umeolewa na redio."

Nikawaka. Nikamwambia sikuuza uyoga wa mtu, niliandika kwamba katika nyumba nzima yeye akitembea mbele yangu ndipo ninapopumua. Hilo hakulisikia?

"Nililisikia," akasema. "Ungeniambia mimi."

Hasira haikuisha. Ningemwambia saa ngapi? Saa ya kuchota maji, au saa ya kutwanga?

Mvua iliyofuata aliamka, akachukua kapu. Nami nikajifunga mtoto mgongoni. Akanitazama.

"Baki. Mtoto atapata baridi."

Mtoto huyohuyo amekulia kwenye umande ule. Nikabaki. Nikafagia, nikachota maji, nikamfokea mkubwa bila kosa. Aliporudi kapu lilikuwa limejaa, akanipa nikapike. Nikamuuliza uyoga umetoka wapi.

"Porini," akasema, akaenda kunawa miguu.

Nikakaa na beseni. Uyoga wa kichuguu chetu hutoka na udongo mwekundu. Huu ulikuwa na udongo mweusi kwenye mizizi, umenata, na jani moja jembamba la nyasi ya bondeni limeganda pembeni. Katika eneo lote hili nyasi ile inaota sehemu moja tu ninayoijua.

Nikauosha uyoga hadi ukawa mweupe, maji nikayamwaga mbali, jirani asione udongo ule. Mama mkwe alikuwa mlangoni, anatazama mikono yangu.  Ni wapi, sikumwambia mtu, na hapa siandiki.