Mbio za Baba, Mwendo wa Mama

Daktari wa Homa Bay alimwambia baba jambo moja tu: presha imepanda, tembea kila siku. Baba akarudi nyumbani, karibu na Kisegi, akaanza kukimbia. Alichomoka zizini kama anayefukuza mwizi, akafika kwenye mikonge ya mpakani, akasimama akihema, kisha akachomoka tena. Yawa! Mtu mzima na tumbo lake!

Mama, Msabato wa kweli, alikwenda sokoni na kurudi kwa miguu, mwendo ule ule, jua liwake lisiwake. "Polepole ndio mwendo, baba watoto," alimwambia.

"Chelewa chelewa utapata mwana si wako," baba akamjibu, akaenda zake mbio.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni huko Migori. Mwalimu wa biolojia alikuwa ametufundisha kusikiliza mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, na mimi kwa udadisi sijambo. Mama akitua karai lake la dagaa wa omena, namshika mkono. Moyo wake umetulia, na maneno yanamtoka bila kukatika. Wa baba ulinigonga kidoleni mpaka nikaogopa. Lakini akiketi kidogo tu ulishuka, na siku zilivyopita ukawa unashuka upesi zaidi. Sasa nani alikuwa sahihi? Niliwasumbua wote wawili kwa maswali.

"Kwa nini usitembee tu kama ulivyoambiwa?" nilimuuliza baba.

Akatazama nyumba ya pili, alikokuwa anaugua baba mkubwa, kaka yake. Akanong'ona, "Nyara, binti yangu, siku hiyo ng'ombe hawatatembea."

Nikaelewa, na nikakasirika. Kwetu mzee akifa, wanaume hukimbiza mafahali hadi mpakani, fimbo juu, kelele tele, kukifukuza kifo. Tunaita tero buru. Baba alitaka kuwa mbele siku hiyo, kwa hiyo alikuwa anafanya mazoezi ya kumzika mtu aliye hai. Huo ni uchuro! Baba mkubwa nilimpenda mno, na mtu bado anakunywa uji wake.

Kumbe mwenyewe alikuwa anaona yote kutoka kitini pake barazani. Asubuhi moja nilipompelekea uji, akamwita baba.

"Omera, ndugu yangu, mazoezi hayo ni yangu, sivyo?"

Baba akakosa pa kuuweka uso. Akalia mbele yangu. "Naogopa kuanguka njiani, kaka. Naogopa nishindwe kukusindikiza."

Baba mkubwa akacheka mpaka akakohoa. "Basi ukifika mikongeni usisimame kama punda. Tembea kwanza, upate pumzi, ndipo ukimbie."

Toka siku hiyo akawa kocha. Alimfokea baba kutoka kitini, na baba alitii kama mtoto wa shule. Mama hakutaka hata kusikia. Alisema mila hiyo kanisa lake halina, naye hatatia mguu.

Baba mkubwa alifariki kabla shule hazijafunguliwa. Siku ya mafahali baba alitangulia, vumbi likawafunika wote. Mimi nilifuata nyuma, roho juu. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena, vile vile alivyofunzwa. Nikawa najisemea, ee Mungu, asianguke.

Mara nikamwona mama. Alikuwa amewaacha wapishi wenzake jikoni, kibuyu cha maji mkononi, anakwenda mwendo wake ule ule wa sokoni katikati ya vumbi la mila asiyoitaka, hamtazami mtu.

Baba alifika. Alikuwa ameegemea fimbo pale mikongeni mama alipomfikia, akampa maji. Kwa mazoea nikamshika baba mkono. Moyo ulikuwa unagonga, ukapungua, ukatulia. Nikacheka huku nalia.

Kisha nikaushika mkono wa mama, aliyekuja akitembea tu. Wake ulikuwa unadunda kuliko wa baba, na haukutulia mpaka tulipofika nyumbani.